Choo cha Asiye na Nyumba

Neno tutakalo kulisema mwezi huu si la mimbarani kwa desturi yetu, na labda baadhi yenu mtaona haya kulisoma mbele ya watu. Walakini mambo ambayo watu huona haya kuyanena ndiyo ambayo aghalabu maskini huumizwa nayo kwa siri. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie, tunene kwa adabu habari za choo.

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Katika uwanja wa kanisa tunalolitumikia viko vyoo viwili, vilivyojengwa kwa sadaka za washarika. Siku ya Jumapili huwa wazi. Siku nyingine hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa mlinzi. Nyuma ya soko lililo karibu nasi hulala watu kadha wa kadha wasio na makao, nao mchana huchukua mizigo ya watu ili wapate riziki. Jioni moja mmoja wao alikuja akaomba ufunguo. Mlinzi akamkatalia, kwa maana ndivyo tulivyomwagiza sisi pamoja na baraza la wazee. Asubuhi tukakuta uchafu nyuma ya ukuta. Tulikasirika sana, tukasema, "Tazameni jinsi watu hawa wasivyo na heshima, hata nyumba ya Mungu hawaiogopi." Hapo mama mmoja mzee, afagiaye kanisa, akaweka ufagio wake chini akatuuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, mlitaka aende wapi?"

Tulitafuta jibu, wala hatukulipata. Basi swali la mama yule ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi: Je, yatupasa kumlaumu mtu kwa kutenda jambo ambalo hawezi kujizuia kulitenda, nasi tumemfungia mahali pa kulitendea? Na choo kwa mtu wa namna hii ni sadaka tumpayo tukipenda, au ni haki yake?

Fikirini kwanza tofauti iliyopo katika makatazo. Mwizi huambiwa asiibe, naye aweza kuacha. Mlevi huambiwa asinywe pombe, na ijapokuwa kuacha ni kugumu, wako walioacha. Bali hapana mtu awezaye kuambiwa asiende haja. Mfalme huenda, na mchungaji huenda, na mtoto aliyezaliwa jana. Bwana wetu mwenyewe alipowafundisha wanafunzi habari za vyakula, katika Mathayo sura ya 15, alilitaja jambo hili bila kuficha, ya kuwa kiingiacho kinywani hupita tumboni kisha hutoka. Kila siku twaomba mkate wetu. Aombaye mkate, na apewaye mkate, hana budi pia kupata mahali pa kwenda baada ya kuula. Nasi twajua kumpa maskini chakula na kusifiwa kwa ajili yake. Walakini ni wachache walioulizana, mtu huyu tuliyemlisha saa sita, saa kumi na mbili ataingia wapi?

Katika nchi yetu tumezoea kuhesabu choo kuwa sehemu ya nyumba. Mwaka 1973, Tanzania ilipofanya kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapata milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo nyumbani kwao. Kazi ile ilikuwa njema, na wazee wengi waikumbuka hata leo. Walakini itazameni kanuni yenyewe: kila nyumba na choo chake. Kanuni hiyo yamtosha mwenye nyumba. Asiye na nyumba hamo ndani yake. Akosaye nyumba hukosa mambo mawili kwa mara moja: hukosa pa kulala, na tena hukosa pa kujisitiri. Kwa lile la kwanza twamwonea huruma. Kwa lile la pili twamchukia.

Nasi tukifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 12 hata wa 14, twaona jambo la kustaajabisha. Waisraeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe, kisha afukie; kwa kuwa Bwana hutembea katikati ya kambi. Waliopewa agizo hilo walikuwa watu wa namna gani? Hawakuwa wenye nyumba za mawe, bali watu wa mahema, walio safarini na vitani, wasiojua kesho watalala wapi. Wala hawakuambiwa wangoje mpaka wapate nyumba. Walionyeshwa mahali, na pamoja na mahali walipewa amri ya usafi. Mambo hayo mawili hayakutenganishwa. Amri ya usafi isiyo na mahali pa kuitimizia si amri tena, bali ni mtego.

Sasa twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka nchi ya Marekani. Labda mtu atauliza, kwa nini huko? Twaenda huko kwa sababu moja. Nchi ile ni tajiri, ina mafundi, maji na mabomba. Hapana awezaye kusema kwamba vyoo vilikosekana kwa ajili ya umaskini wa nchi. Basi kitu kilichokosekana chaonekana wazi zaidi kuliko mahali palipo na upungufu wa kila kitu.

Katika mji wa Los Angeles kuna mtaa uitwao Skid Row, ambako watu wengi wasio na makao hulala katika mahema kando ya njia. Mwaka 2017 vyoo vya watu wote katika mtaa ule vilihesabiwa. Ikaonekana ya kuwa usiku watu 1,777 walalao nje walikuwa na vyoo 9 tu. Gawanyeni wenyewe: ni watu karibu 200 kwa choo kimoja. Katika kambi za wakimbizi kanuni ijulikanayo ni choo kimoja kwa watu 20, na kwa kanuni hiyo vyoo vya Skid Row vingalipasa kuwa karibu 90. Mkimbizi aliyekimbia vita amewekewa, walau katika kanuni, kipimo bora kuliko mwenyeji wa mmojawapo wa miji mikubwa ya dunia.

Katika jimbo lilo hilo la California uko mji wa San Diego. Miaka mingi watu waliowekwa kwa sheria kuchunguza kazi za serikali ya mahali walikuwa wameonya zaidi ya mara moja kwamba vyoo vya watu wote katikati ya mji ni vichache mno. Mji ukaweka vyoo viwili vipya vya chuma. Lakini mwaka 2016 kimoja kiliondolewa, kwa sababu majirani walilalamika kwamba kimevuta uhalifu. Mwisho wa mwaka ule ulianza kuenea ugonjwa wa ini, ambao waganga huuita homa ya ini ya namna A. Ugonjwa huu hutoka katika uchafu wa mtu mmoja ukaingia kinywani mwa mwingine, kwa mikono isiyonawiwa au kwa chakula kilichoguswa. Wengi walioupata walikuwa watu walalao nje na watu watumiao dawa za kulevya. Tarehe 1 Septemba 2017 ikatangazwa hali ya hatari. Ndipo wakuu wa mji wakaweka haraka mahali pa kunawia mikono, wakaacha vyoo wazi usiku kucha, wakaosha njia kwa dawa, na wauguzi wakaenda mpaka kwenye mahema kuwachanja watu. Hali ya hatari ilipoondolewa, Januari 2018, ugonjwa ulikuwa umepungua sana. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 592, na kati yao waliokufa ni 20.

Ndugu, tusiyapite mambo haya upesi. Yale yaliyosemwa kuwa hayawezekani kwa miaka mingi yalitendeka kwa muda wa majuma machache, watu walipoogopa. Maji yalikuwapo, vyoo vilipatikana, na njia za kuoshwa zilioshwa. Basi uwezo ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichokuwa hakipo ni kumhesabu yule alalaye nje kuwa mmoja wa watu wa mji. Tena ugonjwa haukuuliza nani ana nyumba na nani hana. Ukuta tuujengao kati yetu na uchafu wa maskini ni mfupi kuliko tudhanivyo.

Hapo twafika katika kiini cha neno letu. Katika miji mingi kwenda haja njiani ni kosa la sheria, nasi hatusemi sheria hiyo ni mbaya; njia ni za wote, na watoto hupita. Lakini sheria ikikataza mahali pote, wala isiache hata mahali pamoja pa ruhusa, imemhukumu mtu kwa sababu anao mwili. Hukumu ya namna hii si ya tendo, bali ya umaskini. Kisha huongezeka neno lingine, ambalo ndilo lililotuchoma sisi siku ile nyuma ya ukuta wa kanisa. Baada ya kumfungia mlango twasema ya kuwa yeye ni mchafu. Hatusemi, "Huyu hana choo", twasema, "Huyu ndivyo alivyo." Kosa letu twaligeuza kuwa tabia yake. Walimu mnaofundisha Katekisimu, angalieni, je, huu si ushuhuda wa uongo unaokatazwa katika amri ya nane? Na yule afaye kwa ugonjwa tuliouweza kuuzuia, je, hatumo katika amri ya tano? Tumewafundisha watoto ya kuwa amri ile haikatazi kuua kwa panga peke yake, bali yatuagiza pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Basi hili ni hitaji la mwili kuliko mengi.

Wala tusifikiri habari za wanaume tu. Mwanaume usiku aweza kugeukia ukuta, ingawa ni aibu. Mwanamke afanyeje? Wako wanawake walalao nje ambao jioni hujinyima maji, ingawa wana kiu, ili wasilazimike kutoka gizani mahali pa hatari. Mwanamke aliye katika siku zake, mwenye mimba, mzee, mtu mwenye ugonjwa wa sukari, wote hao mwili wawaharakisha kuliko wengine. Ajinyimaye maji ili asipate haja anaumizwa kila siku, wala hapana amwonaye. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho ya kuwa viungo vya mwili tuvihesabuvyo kuwa havina heshima ndivyo tuvivikavyo heshima zaidi. Asiye na mlango wa kufunga amenyang'anywa vazi hilo.

Labda mtu atajibu, "Wafungulieni vyoo, nao watavivunja, wataingiza dawa za kulevya na uasherati." Neno hili si la kudharau. Malalamiko ya majirani wa San Diego yalitoka katika mambo waliyoyaona. Choo kisicho na mtunzaji huharibika, iwe ni cha maskini au cha matajiri. Lakini kuharibika kwa kitu kisichotunzwa si hoja ya kukiondoa. Ni hoja ya kukitunza. Mwaka 2014 mji wa San Francisco ulianza kuweka vyoo katika mtaa wa Tenderloin, na kila choo na mtu wake wa kukilinda na kukisafisha, ajirani kwa mshahara. Wengi wa walinzi waliowekwa ni watu waliotoka gerezani, ambao kazi nyingine zilikuwa zimewakataa. Nao mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, tangu mwaka 2008 ulitengeneza choo cha chuma kisichoharibika upesi. Chini na juu kina nafasi za wazi, ili apitaye aone kwamba mna mtu bila kumwona mwenyewe. Na bomba la kunawia liko nje, ili asiwepo mtu wa kukaa ndani muda mrefu kwa kufua au kuoga. Katika mambo hayo mna akili, wala si huruma tupu. Hatari yao waliitambua, wakaitafutia dawa.

Mwingine atasema, "Si kazi ya serikali wala ya kanisa; ziko hoteli na maduka, waende huko." Neno hili nalo limekwisha kujaribiwa. Mwezi wa Aprili 2018, katika mji wa Philadelphia, vijana wawili weusi walikuwa wakimngoja mwenzao katika mkahawa wa Starbucks. Mmoja akaomba kutumia choo, akakataliwa kwa kuwa hajanunua kitu. Kisha polisi wakaitwa, wakawakamata wote wawili. Watu wakakasirika katika nchi nzima, na mwezi uliofuata kampuni ile ikatangaza ya kuwa vyoo vyake viko wazi kwa kila aingiaye. Walakini mwaka 2025 ikageuza neno, ikarudia desturi ya kwamba aketiye na atumiaye choo sharti awe mnunuzi. Hatuwahukumu wenye mkahawa peke yao. Mfanyabiashara hawezi kuubeba peke yake mzigo wa mji mzima. Lakini hapo twajifunza ya kuwa ruhusa ya mwenye duka si haki. Leo ipo, kesho haipo, nayo mara nyingi hutolewa kwa kutazama uso na nguo za mwombaji.

Wa tatu atasema, "Basi walipe kidogo, kama walipavyo wasafiri katika stendi ya mabasi." Malipo madogo yaweza kusaidia kumlipa msafishaji, wala hatuyakatai kwa mwenye nacho. Lakini asiye na kitu kabisa atafanyaje? Hata kutoa malipo peke yake hakutoshi. Kuanzia mwaka 1970 vijana wa Marekani walipigania kuondolewa kwa vyoo vya kulipia, wakisema ya kuwa si haki kumtoza mtu kwa haja ya mwili, tena wanawake huonewa zaidi. Na mwaka 1973 mji wa Chicago ukapiga marufuku vyoo hivyo. Miji mingine ikafuata. Nia yao ilikuwa safi. Lakini vyoo vya kulipia vilipoondolewa, miji mingi haikujenga vya bure mahali pake. Mlango mbaya ulibomolewa, na badala yake ukajengwa ukuta. Haki haitimizwi kwa kuondoa ubaya tu, isipokuwa na wema uwekwe mahali pale.

Wa nne, naye ndiye tumwogopaye kuliko wote kwa sababu asema kwa sauti ya hekima, atanena hivi: "Mkiwapa choo watazoea kukaa njiani, hawatatafuta nyumba." Twamwuliza, je, amekwisha kumwona mtu aliyeacha nyumba yake kwa kupenda choo cha barabarani? Mtu hulala nje kwa kukosa kodi, kwa ugonjwa, kwa kufiwa, kwa ugomvi wa nyumbani, kwa ulevi, na kwa mambo mengine mengi. Wala choo hakimo katika hesabu hiyo. Hata hivyo katika neno lake mna punje moja ya kweli, nayo yatuhusu sisi, si maskini. Sisi ndio tuwezao kuzoea. Twaweza kujenga choo tukaona tumemaliza kazi. Choo si nyumba. Yule atokaye chooni saa tano za usiku bado hana pa kulala, na haki yake ya pili haikufutwa kwa kupata ya kwanza.

Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulitambua ya kuwa maji safi na mahali safi pa kujisaidia ni haki ya kila mtu. Sisi twafurahi kwa tangazo hilo. Walakini kufuli la choo cha kanisa letu halikufunguliwa na tangazo la mataifa. Lilitaka kufunguliwa na mtu mwenye ufunguo mfukoni.

Basi tuwaambie yaliyofuata. Baraza la wazee tulikaa mara mbili kwa neno hili. Wengine walikataa, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi: maji yana gharama, na wako washarika walioogopa kuwaleta watoto. Mwishowe tulikubaliana vyoo viwe wazi tangu alfajiri hata saa nne za usiku, pawe na maji na sabuni, na fungu dogo litengwe kumlipa atakayesafisha. Siku za kwanza sabuni iliibiwa mara tatu. Tuliifunga kwa kamba, ikakaa. Nyuma ya ukuta sasa ni safi siku nyingi, ingawa si siku zote, maana habari za saa za usiku wa manane hatujazipatia njia bado. Twasema hivyo ili msidhani tumeshinda.

Nanyi wazee na walimu, twawaomba jambo moja. Tembeeni siku moja katika mji au soko lililo karibu nanyi, mkiwa kama mtu asiye na nyumba wala senti mfukoni, mwulizane, hapa tungekwenda wapi? Mkipata jibu, mshukuruni Mungu na wakuu wa mahali pale. Msipopata, msikemee uchafu wa mtu yeyote kabla hamjapeleka neno hilo barazani, katika kanisa na katika serikali ya mtaa. Mungu aliyetembea katikati ya mahema hakuona haya kuagiza habari za choo. Atujalie nasi tusione haya.